Mbwa akiumia bega, kazi ngumu ni kumtuliza

Ukitaka kujua mguu upi wa mbele unamuuma mbwa, mtembeze polepole kwenye sakafu ngumu huku ukimtazama kichwa. Mguu mbovu ukikanyaga, kichwa kinapanda. Mzima ukikanyaga, kinashuka. Popi wangu alitembea hivyo baada ya kuruka kutoka kwenye pikapu. Hakulia, hakuvimba, na ugali wake na dagaa alimaliza. Usidanganyike na hamu ya kula, mbwa wengi hula vizuri huku wanaumia.

La kwanza kabisa, achana na dawa zako za kabatini. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake, na Panadol huharibu ini na damu. Daktari wa mifugo ana dawa za mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, na kipimo hutokana na uzito. Mpe pamoja na chakula. Akitapika, au kinyesi kikawa cheusi kama lami, acha dawa na umpigie daktari. Muulize pia ni sindano gani amemchoma. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo kwa maoni yangu huchomwa kirahisi mno, haifai kuchanganywa na dawa hizo.

Eksirei ya Popi ilitoka safi, na hapo ndipo wengi huona mambo yamekwisha. Lakini mbwa hana mtulinga kama wetu, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Mguu wa mbele umeshikwa kwenye kiwiliwili na misuli na kano, si mfupa, na miguu hiyo miwili hubeba kama 60% ya uzito wake. Kano likivutika, eksirei hailioni. Daktari aligundua kwa kukunja na kunyoosha bega lenyewe, na Popi akiwa amefungwa mdomo, maana hata mbwa mpole huuma akiguswa panapouma. Watoto wasimsogelee siku hizo.

Siku mbili tatu za mwanzo tulimkanda kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15. Mikeka chakavu tuliitandika juu ya vigae asiteleze. Ugali ulipunguzwa, kwani mbwa asiyekimbia hunenepa haraka, na kila kilo inaangukia begani.

Shida yenyewe ilianza dawa ilipofanya kazi. Maumivu yakitulia mbwa hujiona mzima, akimwona paka anataka kuruka ukuta, na kano ambalo halijaunga linachanika tena.

"Bosi, huyu kapona, nimfungulie usiku?" mlinzi aliniuliza kila jioni.

"Bado, kaka. Abaki bandani."

Tulikaa hivyo kwa wiki kadhaa. Alitoka kwenda haja tu, kwa kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani usiokatiza mabegani, bila ngazi wala kuruka.

Mguu ukining'inia bila kugusa chini, au akiburuza mgongo wa kiganja, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, kwani huenda mshipa wa fahamu umeumia. Na mbwa mchanga wa mbegu kubwa anayechechemea bila kuanguka popote naye apelekwe, kwa sababu gegedu la bega lake, yaani mfupa laini wa kwenye kiungo, linaweza kuwa na kasoro.

Kabla ya kumfungulia, pitisha vidole juu ya mifupa yote miwili ya bega, wa kulia na wa kushoto. Ukingo ukichomoza zaidi upande ulioumia, misuli bado imesinyaa. Mwongezee matembezi ya kamba kidogo kidogo, na mlinzi aendelee kusubiri.