Vidole na gitaa baada ya miaka 40

Ndugu, unauliza kama ukiwa na miaka 47 vidole vitalikubali tena gitaa uliloliacha chuoni. Vitalikubali. Ila hizo nyuzi zenye kutu zitoe leo, ufunge nyembamba, seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010. Zikiwa bado juu sana ya shingo ya gitaa, mpelekee fundi gitaa azishushe, mara nyingi kinachouma ni hicho, si uzee (wa miaka 47, kweli?). Cheza dakika 15 kila jioni, hata kama msongamano wa Thika Road umekumaliza. Ncha za vidole zitaota sugu baada ya wiki chache. Kodi (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F ni ngumu, iache kwanza. G, C na D zinatosha kupigia benga nyingi tu. Kiganja kikifa ganzi mara kwa mara, muone daktari.