Kuhusu hao wakubwa wa chama wanaotaka umwachie MCA aliyepo

Nimesoma swali lako lote. Umeuliza bajeti ya kampeni ya MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ni kiasi gani, mabango yachapishwe lini, na kama makundi ya WhatsApp yanaleta kura au ni kelele tu. Halafu huko katikati ukatupia kamstari kwamba viongozi wa chama wa kaunti wamekuita Alhamisi "mkae chini", wanataka umwachie MCA wa sasa kwa vile wewe ni mgeni chamani, nao watakuangalia baadaye. Kisha ukaendelea na rangi za fulana.

Kaka, wacha fulana!

Mimi 2022 nilikalishwa chini hivyo hivyo. Wadi nyingine, Pwani hii hii, chama sikitaji kwa sababu sina pesa za wakili. Nilikuwa natoka stendi ya tuktuk, sijawahi kushika cheo chochote chamani, ila sokoni jina langu lilikuwa linatajwa kuliko la mheshimiwa. Hapo ndipo simu zilipoanza kuingia.

Ilikuwa Ramadhani, baada ya tarawehe, kwenye chumba cha juu cha hoteli moja. Biriani ya mbuzi, juisi ya ukwaju, na afisa mmoja wa chama ananiita "mwanangu" ilhali mimi ndiye namzidi umri. Chama kinataka mwafaka, akasema. Tusigawanye kura. Tena mkubwa mwenyewe anakujua kwa jina. Hapo kichwa kikavimba, sikukatai.

Wakatoa barua ya kujiondoa, imeshachapwa. Jina langu wamelikosea herufi, na mimi, mjanja wa stendi nzima, nikaomba kalamu nikawasahihishia. Nikatia sahihi. Mahali pa tarehe palikuwa wazi. "Tarehe tutajaza afisini," wakasema, nami nikaitikia kama mtu anayeagiza chai nyingine. Kisha tukasimama, nikamwinua mheshimiwa mkono, kijana wao akarekodi kwa simu. Nikapewa bahasha ya mafuta ya gari. Gari sina.

Nilichoahidiwa ni jina langu kuingia kwenye orodha ya chama ya MCA wateule, nafasi ya vijana. Nilikuwa na miaka 43. Katiba yetu inasema kijana ni kuanzia miaka 18 hadi chini ya 35. Walijua. Mwanasheria wao alikuwa meza ile ile anang'oa nyama kwenye mfupa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipozikwa. Mwaka ule mchujo wa vyama ulitakiwa uwe umekwisha kufikia 22 Aprili, na uchaguzi ulikuwa 9 Agosti. Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Rudi nyuma kutoka 9 Agosti: unaangukia 9 Mei. Kwa hiyo baada ya mchujo bado nilikuwa na upenyo. Wiki mbili na ushei, lakini upenyo.

Nikawapigia: vipi ile orodha? "Subiri Idi ipite." Idi ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Nikasubiri, nikala pilau, nikawatakia heri. Idi ikapita, wakasema mkubwa amesafiri, tuonane wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa baada ya tarehe tisa. Tangu siku ile simu zangu zikawa hazishikwi tena, hata za usiku. Kuhamia chama kingine haikuwezekana, kwa kuwa orodha za wanachama zikishakabidhiwa IEBC, tume ya uchaguzi, mlango huo umefungwa. Kuwa huru, nimechelewa. Orodha za wateule zilipochapishwa gazetini niliisoma kwa kidole mstari kwa mstari, jina langu halimo, hata lile lililokosewa herufi halimo.

Nikaenda kwenye kamati yao ya rufaa, maana hata lile jopo la mizozo ya vyama litakuuliza kwanza kama umejaribu kutatua ndani ya chama. Wakanionyesha barua yangu, tarehe imejazwa vizuri kwa wino wa rangi nyingine, na video ile ninavyocheka. "Ulijiondoa kwa hiari, mheshimiwa." Ndiyo siku pekee niliyoitwa mheshimiwa.

Sina kinyongo sana na MCA yule, yeye alikuwa anatetea kiti chake. Kinyongo changu ni kwa yule aliyeniita mwanangu. Mtu anafuturu na wewe meza moja huku anahesabu siku zako za kikatiba kichwani! Wengine chamani wanasema eti hiyo ndiyo siasa. Siasa gani, huo ni utapeli wenye risiti.

Najua utaniletea mifano ya walioachia wakafaidika. Ni kweli, Mombasa 2022 Suleiman Shahbal alimwachia Abdulswamad Nassir tiketi ya ODM ya ugavana, na mwaka huo huo akapata ubunge wa Afrika Mashariki. Homa Bay, Oyugi Magwanga alimwachia Gladys Wanga akawa naibu gavana wake. Lakini hao wana majina na pesa, wakinuna kaunti nzima inasikia. Wewe ukinuna atasikia mkeo. Na hata wakubwa hawako salama: Tim Wanyonyi alikuwa ameshazunguka Nairobi yote akitafuta ugavana, muungano wa Azimio wakampa Polycarp Igathe, yeye akarudishwa kutetea kiti chake cha Westlands. Alishinda Westlands. Igathe akashindwa na Sakaja.

Sikwambii mgombea huru ni njia ya mkato. Evans Kidero alijaribu Homa Bay, akaanguka. Kawira Mwangaza alipita Meru bila chama, akawabwaga gavana aliyekuwepo, Kiraitu, na seneta Linturi, na bado kwenye bunge la kaunti walimsumbua hadi Seneti ikamng'oa 2024. Ni kazi. Ila ukiwa na mlango huo wazi, hao wa Alhamisi wanazungumza na wewe kwa adabu. Mlango ukishafungwa, wewe ni mpiga kura tu mwenye mabango ya bure.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja: usitie sahihi, usiinue mkono wa mtu, usitangaze chochote kabla mlango wa mgombea huru haujafungwa. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, basi mwanzo wa Mei uwe umeshaamua, na kama ahadi yao haijaonekana kufikia hapo, unatoka. Barua ya kujiuzulu chamani iandike mapema, uiweke. Siku ya kuipeleka hakikisha wanakupigia muhuri wa kupokea, na nakala nyingine ifike kwa Msajili wa Vyama. Hata ukishatoka, ingia eCitizen, ile tovuti ya serikali, uangalie: 2021 watu kibao walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyowahi hata kuvisikiliza redioni.

Halafu kuna wale wapiga kura 500 ambao mgombea huru wa MCA lazima awe nao wa kumuunga mkono. Wengi hudhani ni sahihi 500 za yeyote. Wawe wamejiandikisha kupiga kura katika wadi yako, na wasiwe wanachama wa chama chochote. Tafuta watu 500 wa namna hiyo Pwani uone kazi yake. Anza sasa, kimyakimya, na uwe na wa ziada maana nusu watakuwa kwenye chama bila wao kujua.

Ya mabango sijui, mimi yangu bado yako chini ya kitanda. Bajeti muulize mwingine.

Alhamisi nenda, kula, sikiliza, usiwatukane. Wakitoa barua, omba nakala ukaisome nyumbani. Watakunyima. Ukitoka hapo rudi utuandikie umeahidiwa kiti gani, na kama ni cha vijana tuambie pia una miaka mingapi.