Nimempiga bata mzinga katikati ya kidari, mbona ametoroka?

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Missouri, Marekani. Nawinda kulungu kwa upinde wa kompaundi (ule wenye magurudumu nchani) wa nguvu ya kuvuta ya ratili 60, na misimu miwili iliyopita nilipata nyama. Aprili hii nilijaribu bata mzinga mwitu kwa mara ya kwanza. Dume alikuja akitamba, mkia wote ameutandaza, umbali wa kama yadi 35. Nikalenga katikati ya kidari. Mshale uliingia, manyoya yakatapakaa, akakimbilia kichakani. Nilitafuta hadi jioni bila kuona hata tone la damu. Rafiki yangu anasema nipunguze upinde hadi ratili 40 ili mshale unase mwilini, ndege ashindwe kuruka. Mwingine anasema ninunue vile vigumba vyenye visu virefu vya kukata shingo. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, usimsikilize yeyote kati yao. Kila masika nafundisha watu wanaotoka kwenye kulungu kuja kwa bata mzinga, na kila masika nasikia maneno hayohayo: "Nilimlenga katikati ya kidari." Kosa liko hapo, na hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kulirekebisha.

Bila shaka umewahi kuchinja kuku. Kumbuka unavyomsafisha: utumbo, ini na firigisi vinatoka kwa mkono, lakini mapafu yanagoma. Yamebanana na mbavu huku juu, pande zote mbili za uti wa mgongo, mpaka uyachokoe kwa kidole. Bata mzinga naye ameumbwa hivyohivyo. Kile kifua kipana anachokuonyesha akitamba ni minofu juu ya mfupa wa kidari, na juu yake kuna mfuko wa chakula alichookota asubuhi. Mshale ukipita chini pale mbele unachana nyama na kumwaga mbegu. Ndege anaondoka, anakufa baada ya siku kadhaa mahali ambapo hutamwona, au anapona akiwa kilema.

Kwa kulungu wa mkia mweupe ulifundishwa vizuri: nyuma kidogo ya bega, chini ya nusu ya mwili. Pale pana eneo la inchi 8 hadi 10 lenye moyo na mapafu, na ukikosea inchi mbili bado unampata. Kwa bata mzinga eneo hilo ni inchi 3 hadi 4 tu, liko juu zaidi na nyuma zaidi kuliko jicho lako linavyodhani. Akisimama ubavu, manyoya yakiwa yamelala, fuata mguu wake kwenda juu hadi usawa wa fundo la bawa. Akikupa mgongo, lenga uti wa mgongo. Akitamba huku amekugeuzia mkia, lenga kitako, pale shina za manyoya ya mkia zinapokutana. Mshale utapita sambamba na uti. Akikutazama uso kwa uso, lenga juu kidogo ya pale zinapoota ndevu zake, yaani lile shada linaloning'inia kifuani; kamwe usilenge chini yake.

Na anapotamba ubavu? Ngoja. Akijitunisha, nusu ya unachokiona ni manyoya na hewa, na mwili wenyewe umejificha humo ndani. Atayashusha tu. Mguno mmoja wa jike kutoka kwenye kifaa chako cha kuigiza sauti unatosha kumfanya ainue shingo.

Sasa hili la kupunguza ratili. Nimechoka kulisikia. Mshale hauui kwa kumkwamisha ndege kama mti uliompitia mwilini. Unaua kwa kukata mishipa na kupasua mapafu. Ukipita pande zote unaacha matundu mawili. Ukinasa, unaacha moja, na bata mzinga anaruka nao bila shida yoyote. Tena ukilegeza upinde unaharibu kila ulichokipima: alama zako za kulengea zinadanganya, mshale uliochaguliwa kwa ratili 60 unakuwa mgumu kupita kiasi kwa upinde wa 40, na vigumba vya kufunguka, ambavyo vinahitaji nguvu ili makali yatoke, vinaweza kugonga bawa na kugoma. Bawa la dume mzima ni mfupa na shina nene za manyoya. Acha upinde wako ulivyo. Tumia kigumba kikali chenye upana wa inchi moja na nusu hadi mbili, ukijaribishe kwenye shabaha kabla ya msimu.

Visu vya shingo navyo vinauzwa kwa video. Visu vile vinahitaji mshale mrefu na mzito, havikai kwenye podo la kawaida, upepo mdogo tu unavipeperusha, na mpigaji mzuri anaviaminia hadi yadi 20 hivi basi. Video haikuonyeshi ndege aliyekatwa mdomo akaenda kufa njaa. Kichwa cha bata mzinga hakitulii hata sekunde mbili. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao upinde ndio riziki yao, hubeba mishale ya ndege mbali na mishale ya wanyama wakubwa, lakini wanachokitegemea ni kumsogelea mnyama na kujua alivyoumbwa. Wanaokuuzia visu wanataka uiruke sehemu hiyo.

Kusogeleana ndiko tofauti nyingine kubwa ilipo. Kwa kulungu unahangaika na upepo, unapanda mtini, unaficha harufu. Bata mzinga hana habari na harufu yako, ila macho yake yanaona rangi, na yanaona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Kulungu anaweza kukusamehe unapovuta upinde taratibu. Huyu hakusamehe. Kaa ndani ya hema la maficho, funga madirisha ya nyuma, vaa nguo nyeusi. Weka dume bandia yadi 12 hadi 15 kutoka ulipo, akiwa amekugeukia wewe. Dume halisi hupenda kumkabili mpinzani uso kwa uso, hivyo atazunguka mbele ya yule bandia na kukupa mgongo, na mkia uliotandazwa utayaziba macho yake. Hapo vuta upinde. Yadi 35 ulizopiga zinafaa kwa kulungu. Kwa ndege huyu, kama hujazoea, yadi 20 zinatosha.

Halafu usisubiri damu. Kulungu aliyepigwa tumbo unamwacha saa kadhaa, kisha unafuata matone. Manyoya ya bata mzinga hunywa damu yote. Mfuate kwa macho mpaka mwisho, shika alama ya mti wa mwisho alipopita, kisha utafute chini ya magogo, kwenye matawi yaliyoanguka na kwenye mashimo. Wako, nadhani, ulimtafuta mbali mno.

Naandika kwa ukali kwa sababu ndege hawa walikuwa karibu kutoweka Missouri. Kwa miaka mingi watu walitafuta njia ya mkato: wakafuga bata mzinga vizimbani na kuwaachia msituni, nao wakafa, kwa kuwa hawakujua kuishi porini. Kilichofaulu ni kazi ya polepole ya kukamata ndege wa mwitu na kuwahamisha, iliyoanza miaka ya 1950, hadi uwindaji ukafunguliwa tena mwaka 1960. Kila dume anayeondoka na mshale wa mzaha ametolewa kwenye akiba hiyo.

Na kuna njia ya mkato ambayo haimuui ndege peke yake. Siku hizi vijana wanajificha nyuma ya mkia halisi wa bata mzinga na kumtambalia dume mpaka karibu. Video zake zinasisimua. Mwindaji mwingine mwenye bunduki, akiwa ng'ambo ya kichaka, anaona mkia unaosogea, na masika hatulazimiki kuvaa rangi ya chungwa kama msimu wa kulungu wa bunduki. Baadhi ya majimbo yamepiga marufuku mbinu hiyo kwenye ardhi za umma, na mimi ningeipiga marufuku kila mahali. Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, hata soksi au leso ya mfukoni, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Ukisikia dume anaita kichakani, usimfuate; anaweza kuwa mtu mwenye kifaa cha sauti. Kama huna hema, kaa chini, mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yako, umwite yeye aje. Ukimwona mwindaji mwenzako anakaribia, usimpungie mkono. Mwite kwa sauti kubwa ya kibinadamu, hata kama dume wako atakimbia.