Jibu: Herufi zina ukungu kwenye monita bapa

Pole kaka, umesema tangu uache monita ya chogo ukanunua bapa herufi zina ukungu na macho yanauma, usiirudishe dukani kwanza. Anza na rezolusheni, bapa ina idadi yake ya pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha, kama ni 1366 kwa 768 weka hiyohiyo, ukiweka ndogo inavuta picha na herufi zinavurugika. Halafu fungua Start andika cttune, washa ClearType, ni kitu cha Windows cha kufanya herufi zisomeke vizuri, itakuletea vipande vya maandishi uchague kinachosomeka vizuri, usikimbilie, kaa umbali uleule unaokaaga siku zote. Kila pikseli ina mistari mitatu, nyekundu kijani na bluu, ClearType inatumia kila mstari peke yake ndo maana ukisogeza jicho karibu kabisa na mguu wa herufi m utaona wekundu huku na ubluu kule, ni kawaida. Mimi hapa Mtwara msimu wa korosho nachapa majina ya wakulima mpaka usiku, kabla sijawasha ClearType 8 na 3 nilikuwa nazichanganya, na kwenye kilo za mtu hilo si jambo dogo. Kama waya wako wa monita ni VGA, ule wa zamani wenye pini nyingi, bonyeza na kitufe cha Auto kwenye monita ijipange yenyewe.