Ukishirikisha soketi ya hifadhidata, pachika folda, siyo faili

Kama una PostgreSQL moja (programu ya hifadhidata) na programu kadhaa kwenye mashine ileile, kila moja ndani ya kontena lake (chumba kilichotengwa, kama vya Docker), huna haja ya kufungua bandari ya mtandao ya 5432. Soketi ya Unix, yaani faili maalumu ambalo programu za mashine moja huongea kupitia kwake, inatosha, na mtu wa nje hana pa kubisha hodi. Ndivyo ninavyopanga seva ninazozihudumia.

Wengi hupachika (mount) faili lenyewe la soketi, .s.PGSQL.5432, ndani ya kontena. Linafanya kazi vizuri mpaka siku hifadhidata izimwe na kuwashwa upya. Hapo programu zote zinakataliwa muunganisho, na kinachochanganya ni kwamba ukipiga ls ndani ya kontena faili unaliona, jina lilelile, ruhusa zilezile. Piga ls -i ndani na nje, ulinganishe namba za inodi (zinazotambulisha kila faili kwenye diski): hazifanani. PostgreSQL ikizimwa hufuta soketi yake, ikiwaka huunda nyingine, na kontena linabaki na ile iliyokufa. Ukipachika folda, soketi mpya inaonekana yenyewe. Mimi hutenga folda maalumu, tuseme /srv/soketi/pg, kupitia mpangilio wa PostgreSQL uitwao unix_socket_directories, kisha naipachika kwa kusoma tu. Linux haizuii kuunganisha kwenye soketi kwa sababu hiyo, ila programu haiwezi tena kuifuta. Kwenye chroot ya kawaida (programu iliyofungiwa ndani ya folda moja kama mzizi wake) ni vilevile. Simlinki (njia ya mkato) ya kutoka nje haitasaidia, maana njia inasomwa kuanzia mzizi mpya.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni usalama. Ukitumia imeji rasmi ya PostgreSQL ya Docker, mstari wa local (unaohusu soketi) kwenye pg_hba.conf, faili la kanuni za kuingia, huja ukiwa trust. Yaani anayefika kwenye soketi anaingia kama postgres, mtumiaji mwenye mamlaka yote, bila nywila! Ndani ya kontena moja halina neno, lakini wewe soketi hiyo umeshaigawa kwa majirani.

Kwenye Debian utakuta peer (kuingia kwa utambulisho wa mtumiaji wa mfumo), nayo isikulaze usingizi. Keneli (kiini cha Linux) huipa PostgreSQL namba ya mtumiaji aliyeunganisha, na Docker isipowekewa userns-remap (inayobadilisha namba za watumiaji wa kontena), namba ya ndani ya kontena ndiyo ya nje. Angalia namba kwa id postgres, kisha endesha psql (programu ya kuingilia PostgreSQL) kwenye kontena lingine kwa -u ya Docker na namba hiyo, ukiomba kuingia kama postgres. Ikiingia, yeyote atakayeliteka kontena hilo na kupata root anaweza kujigeuza postgres.

Kwa hiyo wape watumiaji wote nywila kwanza, postgres akiwemo, halafu weka scram-sha-256 (kuingia kwa nywila) kwenye mistari ya local na upige SELECT pg_reload_conf(). Acha psql moja wazi mpaka uhakikishe unaingia kwa nyingine. Kila programu ipewe mtumiaji wake na hifadhidata yake.

Wa MySQL, kumbukeni kwamba kwenye Linux localhost kwa kawaida humaanisha soketi, na 127.0.0.1 humaanisha TCP, yaani njia ya mtandao. Programu ikidai haioni seva, anzeni kukagua hapo.