"Nyayo hii" au "wayo huu"?

SWALI: Naongoza wageni katika hifadhi ya Tarangire. Juzi niliwaonyesha alama mchangani nikasema, "Nyayo hii ni ya chui." Mgeni mmoja, mwalimu, akanisahihisha: "Wayo huu ni wa chui." Wenzangu wanashikilia kwamba wayo ni wa binadamu tu. Tushike lipi? Na pundamilia ana nyayo au ana kwato?

JIBU: Mwalimu amesema sawa. Nyayo ni wingi, na umoja wake ni wayo, kama wavu na nyavu, wembe na nyembe. Wapo wanaosema unyayo, nao hawajakosea. Kwa hiyo sema "wayo mkubwa wa simba umefutika", na zikiwa nyingi, "nyayo kubwa za simba zimefutika".

Kosa lako lina sababu. Umoja wa neno hili tunausikia mara chache mno. Husemwa "fuata nyayo", na Kenya neno hilo lilikuwa wito wa Rais Moi tangu aliposhika madaraka mwaka 1978, likabaki hata katika jina la Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Sikio likishazoea nyayo peke yake, ulimi huifananisha na nyumba: nyumba hii, basi nyayo hii.

Wenzako nao wamebana maana mno. Wayo ni upande wa chini wa mguu unaokanyaga ardhi, na pia alama inayoachwa na mguu huo. Simba anao, fisi anao, tembo anao. Wanaofuatilia tembo hupima mzingo wa wayo wa mbele, wakazidisha mara mbili, wakapata kwa kukadiria kimo chake hadi begani. Hapo hakuna neno linalofaa kuliko wayo.

Kuhusu pundamilia, ukisema "nimeona kwato za pundamilia", mimi naelewa umeziona kwato zenyewe, miguuni mwake. Ulichokiona mchangani ni alama za kwato. "Nyayo za pundamilia" si kosa, lakini kwa kazi yako ningependa useme alama za kwato, kwa sababu unamwelekeza mgeni mahali pa kutazama: ukwato wa pundamilia ni mzima, wa nyati na swala umepasuka katikati. Vivyo hivyo, mbele ya wayo wa duma taja kucha. Duma hazifichi kabisa kama chui, kwa hiyo alama zake kwa kawaida huonekana mbele ya vidole. Chui atembeapo huzirudisha ndani.

Nyoka hana wayo wala ukwato. Alama aliyoiacha mchangani iite mburuzo.