Ukimpenda Urkel, Usimsahau Harriette

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, msomaji wangu wa siku nyingi, anayeigiza kama dada mkubwa katika komedi ya kifamilia ya kikundi cha mtaani kwao. "Shikamoo dada," aliandika. "Kijana mpya aliyeletwa kuchekesha amependwa mno, na sasa kila muswada unaandikwa kwa ajili yake. Mimi nimebaki kufungua mlango na kusema karibu. Niondoke?" Nimeamua kumjibu hapa, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo ya kuingia kwenye vichekesho vya runinga, na kwa sababu jambo hilo lilinipata mimi mwenyewe na mpaka leo linaniuma.

Nianze na Family Matters, tamthilia ya vichekesho ya Kimarekani iliyonifanya niipende kazi hii. Tuliitazama kwa nakala za DVD zilizokuwa zikiuzwa Makoroboi, tukiwa tumejazana sebuleni kwa mama mdogo Nyamanoro, na hata sasa nikiitaja mbele ya watu wa rika langu, jina linalowatoka mdomoni ni Urkel, yule kijana jirani wa familia ya Winslow inayosimuliwa humo. Watakueleza habari za ile miwani mikubwa, suruali iliyopandishwa hadi karibu na kifua, mikanda ya mabegani na sauti ya kukwaruza. Nami nampenda. Jaleel White, aliyemwigiza, alikuwa na umri wa miaka 12 alipoingia katikati ya msimu wa kwanza, akiwa ameitwa kwa sehemu moja tu kama mgeni, na watazamaji waliokuwa studioni wakamshangilia hata waandaaji wakalazimika kumrudisha. Baadaye aliigiza pia kama Stefan, yule mtanashati, na kama binamu Myrtle, na kila mmoja alikuwa na mwendo wake na sauti yake. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye kipaji kikubwa.

Hata hivyo, nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya mama. Jo Marie Payton alikuwa akiigiza kama Harriette, mwendesha lifti katika jengo la gazeti moja la Chicago, ndani ya tamthilia nyingine iliyoitwa Perfect Strangers. Mhusika huyo alipendeza kiasi cha kupewa tamthilia yake, pamoja na mume polisi, watoto na mama mkwe, na Septemba 1989 Family Matters ikaanza kuoneshwa kwenye kituo cha ABC. Ilipofungwa Julai 1998, ikiwa imehamia CBS kwa msimu wa tisa na wa mwisho, zilikuwa zimeoneshwa sehemu 215, na Payton alikuwa ameondoka kabla ya kufika mwisho, nafasi yake ikishikwa na Judyann Elder. Nawauliza mashabiki wenzangu: ni nani kati yetu aliyewahi kumwandikia mama huyo hata mstari mmoja wa shukrani?

Kisha kuna Judy. Jaimee Foxworth aliigiza kama mtoto wa mwisho wa akina Winslow, na baada ya msimu wa nne, mwaka 1993, hakuonekana tena. Hakupelekwa shule ya bweni wala kwa ndugu. Hadithi haikusema neno lolote, na mbele ya safari wazazi wale wakawa wanazungumza kama watu waliozaa watoto wawili tu, Eddie na Laura. Nilipolitambua jambo hilo nilizima runinga nikalia, maana wakati huo na mimi nilikuwa nimeshatoweka kwa namna hiyo hiyo.

Katika kikundi nilichoanzia hapa Mwanza nilikuwa Pili, binti wa mwisho wa mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba. Sikuwa na maneno mengi. Kulikuwa na onesho ambalo baba alikuwa akimdanganya mama kuhusu fedha za mauzo, nami nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele. Kila alipotaja kiasi kisicho cha kweli, mkono wangu ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. Sikuinua macho hata mara moja. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega, wakidhani wanamcheka baba, na baba mwenyewe akidhani hivyo. Ule mkono niliubuni mimi, wala haukuwa umeandikwa popote.

Akaletwa kijana wa kuigiza kama mlinzi wa nyumba, mwenye koti refu na filimbi shingoni, na watu wakampenda siku ya kwanza. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilifika mazoezini nikakuta kigoda changu kimekaliwa na yeye, na mwongozaji akanitazama kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Ingetosha baba aseme kwamba Pili yuko kwa bibi yake Ukerewe. Halikusemwa. Na kati ya watu wote waliokuwa wakinisimamisha sokoni na kuniita kwa jina lile, hakutokea hata mmoja aliyekwenda kuuliza, "Yule binti mdogo yuko wapi?"

Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Leo naandika na kuongoza komedi yangu mwenyewe, na mwezi uliopita, tulipoionesha kwenye ukumbi mmoja pale Buzuruga, mama mmoja wa makamo aliwapita vijana wote waliokuwa wakipiga picha na mchekeshaji wetu, akaenda moja kwa moja kwa mwigizaji anayeigiza kama bibi, akamshika mikono yote miwili, akamwambia namna alivyolipenda tukio la bibi kuficha funguo ndani ya fundo la kanga. Nimelifurahia jambo hilo kuliko makofi yote ya siku ile, na sioni haya kusema kwamba tukio lile niliandika mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mtazame anayesikiliza. Urkel anapovunja kitu, usibaki naye. Mgeukie Carl, yule mume polisi wa Harriette, ambaye Reginald VelJohnson alimwigiza kwa miaka yote tisa. Kuna nyakati hasira inampanda, naye anajituliza kwa kuhesabu kutoka tatu kurudi moja, kisha kupanda tena hadi tatu, huku uso unapigana na mdomo. Kicheko kinapasuka pale, kwenye uso wa anayetendewa. Mtazame na bibi wa nyumba ile, Rosetta LeNoire, aliyefariki mwaka 2002. Yeye alikuwa ameanzisha kundi la maigizo la AMAS mjini New York mwaka 1968, kundi lililowaweka jukwaani pamoja waigizaji wa rangi mbalimbali, na mwaka 1999 Marekani ilimpa Nishani ya Taifa ya Sanaa. Sisi tulimwita bibi tu, tukasubiri Urkel aingie.

Ninyi mashabiki mnaowazunguka waigizaji pale Rock City Mall na kugombania picha na mchekeshaji, mtafuteni na yule anayeigiza kama mama. Tena msimwambie kwamba yuko vizuri, kwa maana hilo halimfundishi kitu. Mtajieni tukio, mtajieni namna alivyogeuka au alivyonyamaza. Mwigizaji asiyetajiwa kazi yake huondolewa kirahisi, kwa kuwa mwongozaji hutazama mahali makofi yanapotoka. Mtazameni anayesikiliza, kisha mwambieni kwamba mmemwona.

Na wewe mdogo wangu wa Igoma, usiondoke leo. Usimchukie yule kijana pia. Jaleel White mwenyewe ameshasema hadharani kwamba mwanzoni hakupokewa vizuri na wenzake, naye alikuwa mtoto aliyeitwa kazini akaja. Nenda kwa mwandishi wa muswada, umwombe mikono ya dada mkubwa ipewe kazi kila anapokuwa sebuleni: asuke, apige pasi, akunje nguo, chochote kinachoweza kusimama ghafla pale kijana anaposema jambo. Wakiamua kukutoa, dai kitu kimoja bila kuona aibu, yaani hadithi iseme umekwenda wapi na uwaage wazazi wako mbele ya watazamaji. Wakikunyima hata hilo, njoo Nyamanoro Jumamosi saa nane mchana tunapofanya mazoezi, kwani katika familia ninayoiandika sasa nafasi ya dada mkubwa bado iko wazi.